Msifute Diski za Wahamishwaji Kabla ya Kuokoa Kilichomo

Katika vibanda vingi vya kutengeneza kompyuta hapa Goma, kuna neno moja ambalo limekuwa dawa ya kila ugonjwa: fomati. Mashine imekataa kuamka, fomati. Windows imeganda, fomati. Unataka kuweka mfumo mpya na diski haionekani, bado fomati. Mwenye mashine anaambiwa: "Mama, iyi disiki ilishakufa. Tupige tu fomati, kesho unakuya kubeba mashini yako." Mama anaitika. Hana namna ya kubisha, na bei aliyotajiwa anaiweza. Kesho yake anarudishiwa mashine inayowaka vizuri, safi kabisa, na ndani hakuna hata picha moja.

Maoni yangu ni haya, na nayatoa kwa mafundi wetu, kwa familia zilizohamishwa na kwa mashirika yanayogawa kompyuta: kufuta diski ya mtu aliyekimbia vita kabla ya kujaribu kuokoa kilichomo ni kumpokonya kile kidogo alichofaulu kutoka nacho. Tena mara nyingi hakukuwa na haja. Diski inayosemwa kuwa imekufa huwa ni nzima, ila mashine imepoteza njia ya kuifikia.

Nitaeleza polepole, ili hata yule anayesomewa habari hii au kuisikiliza bila kuona maandishi aweze kufuata.

Mtu anabeba nini anapobeba kompyuta

Sisi watu wa huku tunajua maana ya kuondoka mbiombio. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye wakaazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waliamriwa kuhama siku hiyohiyo. Wengine walielekea Sake na Minova, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka. Wazee walikumbuka Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji. Kisha vita ikarudi, na watu wa Rutshuru, Nyiragongo na Masisi wamehama, wakarejea, wakahama tena, hata wengine wameacha kuhesabu.

Katika safari hizo utaona godoro kichwani, sufuria, mtoto mgongoni, na mara nyingine mkoba wa kompyuta begani. Kuna watu wanaoshangaa: mwenye njaa anabeba kompyuta ya nini? Anayeuliza hivyo hajui kilichomo.

Mna picha ya cheti cha shamba. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973, cheti hicho ndicho kinachothibitisha haki ya mtu juu ya kiwanja, na juu yake kuna namba za kitabu na ukurasa kilimoandikwa. Picha yake haichukui nafasi ya karatasi yenyewe, lakini inaonyesha pa kuanzia kutafuta. Mtu aliyechomewa nyumba na kupoteza karatasi akiwa na namba hizo, anayo njia ya kufika kwenye ofisi ya hati za ardhi na kusema: tafuteni hapa. Asipokuwa nazo, anabaki kusimulia tu.

Mna picha ya kadi ya uchaguzi, ambayo kwa wengi wetu ndiyo inayotumika kama kitambulisho. Mna buletini za watoto na namba ya diploma ya serikali ya kijana aliyemaliza masomo. Mna daftari la AVEC, yaani nani aliweka ngapi, nani alikopa na nani bado anadaiwa. Kwa mwalimu mkuu wa shule iliyofungwa, mna orodha ya wanafunzi wote. Kwa familia iliyopotezana na mtoto njiani, mna picha ya uso wa mtoto huyo, na watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta familia zilizotengana wanajua thamani ya picha kama hiyo. Kwa wengine mna ushuhuda wa mambo waliyotendewa, ambayo siku moja wangependa hakimu ayasikie.

Haya yote yanafutwa kwa dakika chache, kwa sababu skrini iliandika mstari mmoja wa Kiingereza na hakuna aliyeuliza maana yake.

Skrini inaposema haioni diski

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kitu cha kwanza kuamka ni programu ndogo iliyokaa kwenye mashine yenyewe, nje ya diski. Mafundi wanaiita BIOS, na katika mashine za miaka hii jina lake sahihi ni UEFI. Kazi yake ni kuhesabu viungo vya mashine, kutafuta diski, na kuisoma ili kujua mfumo wa kuendesha kompyuta umekaa wapi. Ikiupata, inauamsha. Isipoupata, inaandika maneno kama "No bootable device" au "Operating system not found".

Maneno hayo maana yake ni kwamba sikupata pa kuamkia. Hayasemi kwamba diski imekufa. Ni kama mgeni aliyefika mtaani akakosa mlango wa nyumba: pengine nyumba imebomoka kweli, lakini pengine kibao kimeondolewa tu. Fundi mwema anatafuta kibao kwanza. Na mambo ya kuangalia yanajulikana.

La kwanza ni la kuchekesha: fleshi iliyosahaulika imechomekwa. Mashine inajaribu kuamkia kwenye fleshi isiyo na mfumo, inakwama. Chomoa fleshi, washa tena.

La pili ni barabara zetu. Kompyuta iliyotoka Masisi juu ya pikipiki imetikisika siku nzima. Diski inashikiliwa na kiunganishi kidogo au waya, na kiunganishi kikisogea kidogo mashine haioni kitu. Kufungua, kutoa vumbi na kuchomeka upya ni kazi ya dakika kumi.

La tatu ni betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyo ndani ya mashine nyingi. Inaandikwa CR2032 na nguvu yake ni volti 3. Ndiyo inayosaidia mashine kukumbuka saa na mipangilio yake inapokuwa haina umeme. Kompyuta iliyokaa miezi bila kuwashwa, au iliyozeeka, betri hiyo inakwisha. Dalili yake ni rahisi: ukiwasha, tarehe imerudi miaka mingi nyuma. Pamoja na tarehe, mipangilio ya kuamka nayo inarudi ilivyokuwa kiwandani, na mfumo uliowekwa kwa mpangilio mwingine unakataa kuamka. Ukibadilisha betri na kurudisha mipangilio ya zamani, kila kitu kinarudi. Betri hiyo ni kitu cha bei ndogo sana. Kuna watu wamepoteza picha za arusi zao kwa ajili ya betri ya aina hiyo.

La nne ni foleni ya kuamka. Ndani ya BIOS kuna orodha inayosema: tafuta kwanza huku, kisha kule. Orodha ikiwa imevurugika, diski nzima inarukwa. Ukiingia BIOS na ukaona jina la diski limeandikwa pale pamoja na ukubwa wake, tayari una habari njema: mashine inaiona diski. Tatizo liko mbele zaidi.

Mahali pa hatari: MBR na GPT

Hapa ndipo diski nyingi zinapofutwa bure, kwa hiyo naomba tukae kidogo.

Diski ina ukurasa wa kwanza unaoeleza jinsi ilivyogawanywa vyumba. Kuna namna mbili za kuandika ukurasa huo. Ya zamani inaitwa MBR, na haiwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2 za diski. Ya sasa inaitwa GPT. Mashine iliyowekwa kuamka kwa njia ya UEFI inataka GPT. Iliyowekwa kuamka kwa njia ya zamani, inayoandikwa Legacy au CSM, inataka MBR kwa Windows.

Basi fundi anachomeka fleshi ya Windows mpya, anafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, na Windows inakataa: diski hii ina mpangilio wa MBR, siwezi kuwekwa hapa. Fundi wa haraka anajua dawa moja. Anafungua dirisha jeusi, anaandika diskpart, anachagua diski, kisha anaandika clean. Neno hilo moja linaondoa mgawanyo wote wa diski. Tatizo la Windows limekwisha, na familia imepoteza kila kitu.

Dawa nyingine zipo, na hazifuti. Katika mashine nyingi za zamani, unaingia BIOS na kuruhusu njia ya Legacy, unaamsha fleshi kwa njia hiyo, na Windows 10 inakubali diski ilivyo. Au, ikiwa Windows ya zamani bado iko kwenye diski, unatumia programu inayoitwa mbr2gpt. Microsoft iliiweka ndani ya Windows 10 mwaka 2017 kwa kazi hii hasa: kubadilisha ukurasa wa kwanza kutoka MBR kwenda GPT na kuacha mafaili mahali pake. Ina masharti yake, mathalani diski isiwe na vyumba vikuu zaidi ya vitatu, na isiendeshwe umeme ukiwa wa kuzimikazimika. Lakini ipo, ni ya bure, na iko ndani ya fleshi ileile aliyoshika fundi.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: ukiweka Windows mpya juu ya chumba cha zamani bila kubonyeza kitufe cha kufuta wala cha kufomati, Windows inakusanya mafaili ya zamani na kuyaweka kwenye folda inayoitwa Windows.old. Mafaili yako ya nyaraka na picha yanakuwamo. Yahamishe mapema, maana Windows yenyewe inaweza kuifuta folda hiyo baada ya siku chache.

Na kabla ya kubonyeza chochote kwenye ukurasa huo, chomoa diski zote za nje. Orodha inaonyesha Disque 0, Disque 1, Disque 2, bila kusema ipi ni ya nani. Mtu aliyeleta diski ya nje ili aokoe mafaili yake anaweza kuikuta hiyo ndiyo imefutwa.

Mashine mpya na piloti iliyokosekana

Kuna kisa kingine kinachowachanganya hata mafundi wazuri. Kompyuta ya mkononi ni mpya kiasi, ya Intel kizazi cha 11 au zaidi, imetoka Dubai au imetolewa na shirika. Unataka kuweka Windows upya, unafika kwenye orodha ya diski, na orodha ni tupu kabisa. "Disiki ilishakufa," anasema fundi, na pengine anakuuzia nyingine.

Mara nyingi diski ni nzima. Katika mashine hizo, Intel iliweka mlinzi kati ya kompyuta na diski, anayeitwa VMD. Fleshi ya Windows haina piloti yake, yaani programu ndogo inayojua kuzungumza na mlinzi huyo, kwa hiyo haioni kilicho nyuma yake. Dawa ni kupakua piloti hiyo kwenye ukurasa wa Intel au wa kiwanda kilichotengeneza mashine, kuiweka kwenye fleshi, kisha kubonyeza kitufe kinachoandikwa kwa Kifaransa "Charger un pilote". Diski inajitokeza palepale. Njia nyingine ni kumzima mlinzi ndani ya BIOS. Lakini kama kuna Windows ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi naye, ukimzima inaweza kukataa kuamka mpaka umrudishe. Hata hapo mafaili hayajaenda popote.

Namba 48 ambazo hakuna aliyeziandika

Mashine za siku hizi zinaweza kufunga diski kwa ufunguo wa siri. Kwenye Windows ulinzi huo unaitwa BitLocker, na katika kompyuta nyingi mpya unajiwasha wenyewe mwenye mashine akiingia kwa akaunti yake ya Microsoft. Ni ulinzi mzuri: mwizi akichukua diski hasomi kitu. Lakini fundi akibadilisha mipangilio ya BIOS, au akihamishia diski kwenye mashine nyingine, Windows inaomba ufunguo wa kufungulia wenye tarakimu 48. Bila ufunguo huo, hata fundi hodari kuliko wote hapa mjini hawezi kukusaidia.

Kwa kawaida ufunguo unatunzwa ndani ya akaunti ileile ya Microsoft. Kwa hiyo nawaambia familia: leo, mashine ikiwa bado inawaka, ingieni kwenye akaunti, tafuteni namba hizo, muziandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae mbali na kompyuta. Muandike pia barua pepe ya akaunti na neno lake la siri. Watu wengi walifunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku ya kununua, na hawajui hata jina la akaunti hiyo.

Kuna diski zinazougua kweli

Sitadanganya kwamba kila diski inaokoka. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka ndani, na zikidondoka zikiwa zinafanya kazi zinaumia. Umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo nao unazimaliza. Ukisikia mlio wa tik, tik, tik unaojirudia, au kompyuta ikichukua dakika nyingi kufungua faili dogo, diski inaomba msaada. Hapo kila jaribio la kuiwasha tena linaweza kuwa la mwisho. Usiweke Windows juu yake. Kwanza nakili, ukianza na vile usivyoweza kupata tena: karatasi, kisha picha, mwisho kabisa muziki na filamu.

Na kama fomati imeshapigwa kwa makosa, acha kutumia mashine hapohapo. Kwenye diski ya sahani, fomati ya haraka inafuta orodha tu, na mafaili yanabaki mpaka mengine yaandikwe juu yake. Programu za bure kama TestDisk na PhotoRec zimerudisha mengi ya namna hiyo. Kwenye diski za SSD, ambazo hazina sahani, tumaini ni dogo, kwa kuwa zenyewe husafisha mahali palipofutwa.

Hilo lina upande wa pili. Mama anayeuza kompyuta yake ili anunue unga, akipigiwa fomati ya haraka kwenye diski ya sahani, anaweza kuwa anauza na siri za nyumba yake. Yaani tunafomati pale tulipotakiwa kuokoa, na tunafomati kijuujuu pale tulipotakiwa kufuta kweli.

Kuokoa kunahitaji fleshi moja

Njia ya kuokoa si ya kitaalamu kupita kiasi. Unachukua fleshi ya gigabaiti 8, unaweka juu yake mfumo wa Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, ambao ni wa bure. Unaamsha kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo na kuchagua kujaribu, si kuweka. Mfumo unaendeshwa kutoka kwenye fleshi bila kuandika kitu kwenye diski ya mteja. Unafungua folda zake, unanakili nyaraka na picha kwenda diski ya nje au fleshi nyingine. Kama mashine yenyewe ni mbovu, unatoa diski na kuisoma kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa kuunganisha diski na USB.

Ila angalieni fleshi za bei ya ajabu. Zipo zinazoandikwa terabaiti 2 na ndani hazina hata sehemu ndogo ya hizo. Unanakili, inakubali, na ukirudi kufungua mafaili yameharibika. Baada ya kunakili, fungua picha kadhaa na karatasi kadhaa kutoka kwenye fleshi hiyo, mbele ya mwenyewe, ndipo uguse diski ya zamani.

Mafundi watanijibu, na wana haki

Najua jibu la fundi. Atasema: umeme napata saa chache, mafuta ya jenereta ni dola, nina mashine kumi zinazongoja, na mteja mwenyewe hataki kulipa zaidi. Akinakili gigabaiti 300 za mtu, kazi ya siku nzima imekwenda.

Ni kweli, na simwambii afanye kazi ya bure. Lakini tupige hesabu. Kwa mwendo wa megabaiti 30 kwa sekunde, ambao ni wa kawaida kwa USB ya zamani, gigabaiti 300 ni karibu saa tatu. Nani lakini ana gigabaiti 300 za karatasi? Nyaraka na picha za familia zikiwa gigabaiti 20, hesabu hiyohiyo inatoa kama dakika 11. Filamu na miziki mteja anaweza kuacha, mradi ameulizwa. Fundi atoe bei mbili, moja ya kuweka Windows na nyingine ya kuokoa, na mteja achague akijua. Kinachoniuma ni mteja kuchaguliwa bila kujua kwamba kulikuwa na chaguo.

Wengine watasema mafundi wetu wamejifunzia mtaani, hawajui mambo ya GPT na VMD. Mimi nasema mafundi hao wanafungua simu zilizokufa na kuzifufua kwa sindano na taa ya mkononi. Hawakosi akili. Wamekosa mtu wa kuwaambia kwamba mteja wa sasa ni mhamishwaji, na kwamba diski yake haifanani na diski ya mwanafunzi anayetaka kucheza filamu.

Na jambo hili linaongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha ulinzi kinachoitwa TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za okazioni zinazofika hapa hazina. Watu watakimbilia vibandani kubadilisha mfumo. Wengine wataambiwa mashine imekwisha, wakati Linux Mint ingeendelea kuitumikisha miaka mingine. Kila mmoja wao atapita kwenye ukurasa uleule wa kuchagua diski, wenye kitufe kilekile cha kufuta.

Tunachoomba

Kwa mafundi: kabla ya kubonyeza, ulizeni maswali matatu. Mama, ndani mna kitu ambacho hauna mahali pengine? Baba, uliandika ufunguo au neno la siri la akaunti? Nikishindwa kuokoa, nifute au nikurudishie hivyo ilivyo? Jibu liandikwe kwenye kikaratasi pamoja na jina la mashine. Na mnapookoa, msifungue mafaili ya watu kwa udadisi. Ushuhuda wa mtu aliyeteswa si filamu ya kuangalia mkingoja umeme. Nakala iliyobaki kwenye mashine ya kibanda ifutwe mwenyewe akiwa anaona.

Kwa mashirika yanayogawa kompyuta kwa vijana na akina mama waliohamishwa: msigawe mashine tu. Toeni na fleshi ya pili kwa ajili ya nakala, karatasi yenye ufunguo wa diski, na saa moja ya mafunzo kwa lugha inayoeleweka. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kompyuta moja.

Kwa redio zetu za jamii: dakika tano kwa wiki za kusoma maneno yanayotokea kwenye skrini na kueleza maana yake zingeokoa mengi.

Na kwenu ndugu zangu mliohamishwa, mkikaa kwa jamaa au chini ya hema: nakili karatasi zako sehemu mbili, moja ibaki na wewe, nyingine kwa mtu unayemwamini katika mji mwingine. Ukipeleka mashine kwa fundi, simama pale. Akikuambia diski imekufa, mjibu kwa upole: "Fundi, iko inaonekana ku BIOS?" Akisema inaonekana, basi bado hajamaliza kazi yake. Mwambie aokoe kwanza, ndipo afute.